Hisa Moja ya Gatwiri

Saa tatu kasorobo asubuhi mawakili thelathini na wanne walikuwa wamejipanga katika ukumbi wa hoteli moja mjini Embu wakisubiri daftari. Si mafunzo waliyokuwa wakiyasubiri. Daftari. Ada ya semina walishalipa, pointi mbili za leseni walizihitaji, na njia kila mmoja aliijua: unatia sahihi, unakunywa chai, unapokea simu ya kujitungia, kisha unatoka kwenda kutafuta riziki. Jioni unarudi kutia sahihi ya pili ukiwa umejipangusa vumbi la viatu. Watu wanaowalisha wenzao viapo kila siku wana ufundi wao wa kulidanganya daftari.

Kiende Mutwiri alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka Meru kabla jogoo hajawika mara ya pili, kwa nauli aliyoikopa kwa karani wake mwenyewe. Mwaka ulikuwa unaisha na zilimpungukia pointi mbili. Bila hizo leseni ya mwaka ujao haitoki, na bila leseni ile ofisi yake ya chumba kimoja pale Makutano ingebaki kuwa chumba tu. Mteja alikuwa akimngoja Runyenjes kwa ugomvi wa duka la mbolea. Kufikia saa nne alitaka awe njiani.

Aliyeuharibu mpango huo ni mkufunzi. Amira Yasser alikuwa mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijani, binti wa mchinjaji wa papo hapo Embu, na watu walisema amerithi kisu cha baba yake ila yeye hukata karatasi. Alilichukua daftari, akalifunga, akaliweka kitini, akalikalia.

"Nimelikalia," alisema. "Mwenye haraka aninyanyue."

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu anayeona nauli yake ikipotea.

"Kwenye barua niliwaomba kila mmoja aje na faili ya kampuni moja aliyoishughulikia kwa mkono wake," Amira aliendelea. "Mpe jirani yako. Jirani, kazi yako ni kuipasua. Nataka umtafute mmiliki halisi. Sitaki jina. Jina ni nguo tu, hata mwizi huvaa. Nataka mtu wa nyama na damu ambaye kampuni ikipata faida ndiye anayeshiba. Faili ambayo haijapasuliwa, mwenyewe hatii sahihi."

Kiende alitazama saa, akaitazama faili yake. Kulikuwa na kitu ndani yake ambacho shule haikukimaliza: swali likishamwingia halitoki mpaka limejibiwa. Mtu wa nyama na damu. Aliirudisha simu mkobani.

Jirani yake alikuwa Mzee Gachoki, wakili wa Embu mwenye miaka sabini na miwili, koti lake likiwa limeng'aa viwikoni kwa kupigwa pasi miaka mingi.

"Unanipa nini, binti?"

"Kampuni ya ndizi, mzee. Iko Mitunguu. Ni safi kabisa, utachoka bure."

"Safi," alisema Gachoki akilamba kidole ili afungue ukurasa. "Mimi nikiambiwa safi, nanusa kwanza."

Alinusa kwa dakika tano. Kiende alikuwa bado anahangaika na faili ya mzee, iliyofungwa kwa uzi wa katani, aliposikia miwani ikiwekwa mezani.

"Wanachama wawili. Gatwiri Riungu, hisa moja. Naftaly Riungu, hisa mia tisa tisini na tisa. Huyu Naftaly mwenye nambari hii ya kitambulisho, amezaliwa mwaka gani?"

"Themanini na mbili."

"Na kampuni iliandikishwa lini?"

Kiende aliinama kutafuta tarehe.

"Sabini na tisa," Gachoki alijijibu, na furaha ikampanda mpaka kooni. "Jamani! Njooni mwone! Kuna mtoto wa Meru amenunua hisa miaka mitatu kabla ya kuzaliwa!"

Ukumbi uliangua kicheko.

"Wameru huamka mapema kwa biashara!" alipaza sauti mmoja kutoka nyuma.

"Muulizeni alilipa na nini. Maziwa ya mama?"

Kiende alicheka nao, maana usipocheka unapochekwa unaonekana umekasirika, na ukikasirika unaonekana una hatia. Amira alifika mezani pao, naye hakucheka.

"Nani aliyejaza hii, wakili?"

"Ni mimi. Miaka saba iliyopita, tulipohamisha kumbukumbu za kampuni kutoka karatasi kwenda kwenye mtandao. Fomu ilitaka nambari ya kitambulisho kwa kila jina."

"Na Naftaly Riungu wa sabini na tisa ni nani?"

"Babu yake huyu. Alifariki zamani. Mjukuu amebeba jina lake."

"Kwa hiyo ulichukua mali ya marehemu ukampa aliye hai," Amira alisema polepole, kama mtu anayesoma kipimo cha daktari. "Kwa nambari moja ya kitambulisho. Hakuna mahakama, hakuna mirathi. Sasa niambie, mmiliki halisi ni nani?"

"Sijui," alisema Kiende. Lilikuwa jibu la kweli, nalo lilimuuma kuliko kicheko.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Katika boma alikoolewa, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba. Babu akishazikwa, jina lake halitajwi ovyo. Anaitwa Mzee, basi. Kiende aliolewa wakati Mzee ameshazikwa. Katika maisha yake alimjua Naftaly Riungu mmoja tu, mume wake, anayelala upande wa ukutani. Siku ile ya fomu aliliona jina, akaandika nambari, akaendelea.

Simu yake ilitetemeka mezani. Juu ya kioo liliandikwa jina: Naftaly. Gachoki aliliona. Macho yake yalitoka kwenye simu yakaenda kwenye faili, yakarudi kwa Kiende. Kisha, bila haraka, aliifunika simu kwa ile faili.

"Ulisema ni mteja," alinong'ona.

"Ni mteja pia."

"Binti, watu wanacheka kampuni. Tusiwape nyumba waicheke." Akasafisha koo na kuwageukia wengine kwa sauti kubwa. "Haya, tumekwisha hapa! Nani mwingine ana muujiza?"

Chakula cha mchana kilipoletwa, Kiende alikuwa ameshika mkoba mlangoni.

"Sahihi ni saa kumi," Amira alimkumbusha.

"Najua."

"Na pointi?"

"Nimeulizwa swali, Bi. Amira. Siwezi kukaa nalo mpaka saa kumi."

Akampigia mteja wa Runyenjes kumwomba radhi, akapanda gari la Meru.

* * *

Naftaly Riungu alikuwa akipiga pasi koti Kiende alipofika. Lilikuwa koti lake la benki, la kijivu, ambalo hakuwa amelivaa tangu Machi alipoitwa na meneja, akapewa barua na kuambiwa akabidhi funguo. Tangu siku hiyo mambo madogo ndiyo yaliyomla. Idrisi mchinjaji, ambaye zamani alimuuliza, "Mbili au tatu, bosi?" siku hizi humpimia nusu kilo kabla hajafungua mdomo, na huongeza kipande cha mfupa cha bure. Kipande hicho ndicho Naftaly alichoshindwa kukimeza.

Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Kampuni ya Nairobi inayosafirisha matunda ng'ambo ilitaka kununua hisa zote za Naftaly, ijenge chumba cha baridi Mitunguu, ilete wafanyakazi wake. Karo ya Mugendi, mtoto wao, ingelipwa mpaka kidato cha nne. Deni la nyumba lingekwisha.

"Mama Mugendi! Mbona mapema?" aliuliza. "Pointi umepata?"

"Sikupata." Kiende aliketi bila kuvua viatu. "Naftaly, ile kampuni. Hisa ulizipataje?"

"Si wewe uliyeniandika?"

"Ndiyo. Nilikuandika. Nilikuandika kimakosa."

Akamweleza. Alipofika kwenye mtoto aliyenunua hisa kabla ya kuzaliwa, Naftaly alicheka mpaka akaweka pasi kando. Alipofika kwenye mirathi, kicheko kilikauka.

"Ngoja. Unasema si zangu?"

"Ni za Mzee bado. Shamba liligawanywa alipokufa, kampuni hakuna aliyeitaja. Mzee alikuwa na watoto wawili: baba yako na shangazi Gatwiri. Nusu ingekuja kwako kwa mkono wa marehemu baba yako. Nusu ni ya shangazi."

"Shangazi ana hisa yake."

"Ana moja, Naftaly. Moja! Amesimamia kibanda kile cha ndizi tangu wewe hujaota meno."

"Na analipwa mshahara." Alisema hivyo, kisha akasikia jinsi maneno yalivyotoka, akaikamata pasi tena. "Sikiza. Miaka saba hakuna mtu aliyeuliza. Mzee mwenyewe ndiye aliyenipa jina lake. Jina ni langu, karatasi inasema jina langu. Wewe ulienda kutafuta pointi, umenirudishia kesi."

"Jumatatu kuna fomu ya mmiliki halisi. Wakili wa kampuni anatia sahihi kwamba ni kweli. Wakili huyo ni mimi."

"Basi tia!"

Koti lilianza kunuka. Pasi ilikuwa imesahauliwa begani, na Naftaly alipoinyanyua ilibaki alama ya kahawia, yenye umbo la jani. Wote wawili waliitazama. Lilikuwa ndilo koti pekee.

Baadaye, wakila, Kiende ndiye aliyeanza.

"Kuna kitu sikielewi. Siku ile nilipojaza fomu, shangazi alikuwepo. Niliketi kibandani, yeye yuko hatua tatu. Nilikutaja, nikatoa kopi ya kitambulisho chako mbele yake. Alikuwa anamjua baba yake. Mbona hakusema?"

Naftaly aliacha kutafuna.

"Kesho nashuka Mitunguu kumuuliza," alisema Kiende.

"Tunaenda sote. Sitaki uniwekee maneno kinywani."

* * *

Jumamosi ni siku ya kukata. Kibandani Mitunguu mikungu ilikuwa imelazwa juu ya majani makavu, na wanawake sita walikuwa wakiosha chane za ndizi katika birika la saruji. Gatwiri, miaka sitini na saba, alisimama katikati na viatu vya mpira na kisu kifupi. Hakuwahi kuolewa. Alikata chane kutoka kwenye mkungu bila kutazama, kama mtu anayefungua vifungo vya shati lake mwenyewe.

"Karibu, Baba," alimwambia Naftaly. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga, kwa kuwa alibeba jina la baba yake. "Umekonda. Huyu wakili hakupikii?"

"Ananipikia kesi, shangazi."

Wanawake walicheka. Kiende hakungoja kukaribishwa kiti. Aligeuza kreti akaketi, kama siku ile miaka saba iliyopita.

"Shangazi, nimekuja kuuliza jambo moja. Niliponakili hisa za Mzee niliziandika kwa jina la mume wangu. Ulikuwa hapo. Uliona?"

Kisu hakikusimama. "Niliona."

"Lini?"

"Siku hiyo hiyo. Ulitoa kopi ya kitambulisho cha huyu kwenye mkoba mwekundu. Nikajisemea, huyu amesoma, anajua anachofanya."

"Na hukuniuliza?"

"Mimi nimeishia darasa la saba, wewe ni wakili. Nikuulize nini? Nikiuliza ningeitwa mzee mwenye tamaa, anayetafuta mali kwa mtoto wa marehemu kaka yake." Akaitupa chane birikani, maji yakaruka. "Nikangoja. Nikasema, iko siku na yeye atafundishwa."

Kiende aliinama. "Nimefundishwa jana."

"Jana!" Gatwiri aliacha kukata kwa mara ya kwanza. "Kumbe bado mnasoma? Na hivyo vyeti vyote ukutani?"

"Kila mwaka, shangazi. Ni lazima. Usiposoma unanyang'anywa kazi."

"Ni vizuri. Hata mgomba usipopaliliwa kila mwaka huzaa vidole vya mtoto."

Aliosha mikono, akaingia kwenye kijumba cha mizani, akatoka na mkebe wa kakao uliopigwa kutu. Ndani kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne: cheti cha hisa, hisa moja, Gatwiri binti Riungu, na muhuri wa mwaka wa sabini na tisa.

"Sheria ya siku zile ilitaka watu wawili," alisema. "Kaka yangu alikuwa chuoni, mama hakutaka mambo ya ofisi. Mimi nilikuwa nimebebeshwa tu chakula cha safari. Karani akasema, 'Mwandike huyu msichana, mpe moja, nafasi ijae.' Nikajaza nafasi. Sasa niambie, wewe unayesoma kila mwaka: hii moja inafanya kazi gani?"

Lilikuwa swali zuri, na Kiende aliona aibu kwamba hajawahi kujiuliza.

"Inakufanya mwanachama. Mwanachama yeyote akiona daftari la hisa lina makosa, anaweza kwenda mahakamani kuomba lisahihishwe."

"Hata mwenye moja?"

"Hata mwenye moja."

"Mwenye moja na mwenye mia tisa tisini na tisa?"

"Mlango wa kuombea ni ule ule, shangazi."

Gatwiri aliitazama karatasi yake kama mtu aliyeishi na kuku miaka yote na leo anaambiwa anataga. "Na mimi nimeiweka na risiti za chumvi," alisema.

Naftaly alikuwa amesimama kando, koti begani, alama ya pasi ikionekana. Sasa alisogea.

"Shangazi, mimi sikuiba. Sikujua. Lakini Jumatatu watu wanakuja na sina kazi. Na jina..." alisita, kisha akalisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Jina ni langu. Mzee alinipa mwenyewe."

Wanawake waliacha kuosha.

"Ni kweli," alisema Gatwiri. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Jina ni lako. Ndiyo maana tangu ulipozaliwa nakuita Baba. Sijawahi kukuita kwa utani. Basi keti hapo."

Alimsogezea kreti. Naftaly aliketi, kwa kuwa tangu utotoni alipoambiwa na mwanamke huyu aketi aliketi.

Gatwiri alijifuta mikono kwenye leso, akasimama mbele yake, mikono ameishika pamoja, namna msichana anavyosimama mbele ya mzazi. Ile namna tu iliwafanya wanawake wawili wageuze nyuso.

"Baba," alisema. "Tulipotoka kwa yule karani nilikubebea mfuko mpaka nyumbani sikukuuliza. Nilikuuguza ulipougua sikukuuliza. Ulikwenda kaburini sikukuuliza. Kama umerudi, na jina ni lako, na hisa ni zako, basi na swali langu ni lako. Kwa nini ulinipa moja?"

Mfereji wa shamba ulisikika ukipita nyuma ya kibanda. Naftaly alikuwa amekuja na majibu ya kumpa shangazi. Alikuwa ameyapanga njia nzima, juu ya deni na karo na mshahara aliolipwa. Ya kumpa binti hakuwa nayo. Alimtazama mkewe. Kiende hakumsaidia, na hakumcheka. Na yeye alitaka kujua.

"Sijui," alisema mwishowe.

"Hata mimi sijui," alisema Gatwiri. "Nilidhani labda wewe unajua."

Naftaly aliinamisha kichwa. Alikitazama kiatu cha mpira cha shangazi yake, kilichopasuka na kushonwa kwa uzi wa gunia. Kisha alilivua koti begani, akalikunja, ile alama ikaingia ndani.

"Jumatatu wakija niwaambie nini?"

"Waambie mwenyewe yuko kaburini," alisema Kiende, "na warithi ni wawili. Wakitaka watangoja, wasipotaka ndizi hazitaacha kuiva."

"Na sisi tule nini tukingoja?"

Gatwiri ndiye aliyejibu, akichukua kisu chake tena. "Lori letu la soko la Makutano halina msimamizi tangu Kiambi ahame. Mshahara wake ni mdogo, Baba. Unaujua, ndio ninaolipwa mimi."

Mwanamke mmoja alishindwa kujizuia akaguna. Naftaly naye, licha ya yote, tabasamu lilimtoroka pembeni mwa mdomo. Alimgeukia mkewe.

"Mpigie yule mzee wako wa Embu."

Gachoki aliitika kwa mlio wa pili. "Mama wa muujiza! Pointi zako zimebaki huku, Amira kazikalia."

"Nitazirudia kabla ya mwaka kuisha, mzee. Ile faili uliyoipasua, nataka uishone. Mimi sina ruhusa. Kosa ni langu na mume ni wangu."

"Na mteja wangu ni nani? Yule mtoto?"

"Hapana. Ni mwenye hisa moja."

"Mpe simu," alisema Gachoki, na utani ulikuwa umemtoka.

Gatwiri aliikung'uta mikono maji, akaipokea simu kwa vidole viwili, cheti chake kikiwa kimeshikwa sawasawa katika mkono wa pili ili kisilowe. Aliketi juu ya kreti iliyokuwa wazi, akavuta pumzi.

"Wakili, hujambo," alisema. "Kabla hujanitajia bei yako, nina maswali. Nimeyaweka tangu sabini na tisa."